Uwanja wa Mbio za Farasi wa Champ de Mars, Kisiwani Morisi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri)



Halmashauri ilitutaka tuseme nanyi juu ya viwanja vya miji, kwa kuwa shauri la kiwanja kilicho nyuma ya ukumbi wetu, kwamba kizungushiwe ua na kukodishwa au kiachwe wazi kama kilivyo, litaletwa mbele yenu alasiri hii. Shauri hilo ni lenu, nasi hatukutumwa kuliamua. Tumeona ni afadhali tuwachukue mbali kidogo, hadi kwenye kiwanja kilichoishi zaidi ya miaka 200, na kufanyiwa kazi ambazo walioanzisha michezo yake hawakuziota. Kiwanja hicho ni uwanja wa mbio za farasi.

Twajua wako watakaoshangaa. Mbio za farasi si mchezo wa baba zetu. Hapa Kenya zililetwa na masetla, na wakazi wa Nairobi huijua barabara ya Race Course, iliyobaki na jina la uwanja wa zamani wa upande wa Kariokor, kabla mbio hazijahamishiwa barabara ya Ngong mwaka 1954. Mwafrika wa siku zile aliingia katika uwanja ule kwa kazi ya usaisi zaidi kuliko kwa kutazama. Basi hatuwalaumu wanaouliza, je, farasi wa mabwana yatuhusu nini? Twaomba subira yenu.

Kisiwa cha Morisi, ambacho ramani nyingi hukiandika Mauritius, kiko katika Bahari ya Hindi, kama kilomita 800 mashariki ya Bukini. Ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba zisizofika 1,900, nacho hakikuwa na wenyeji wa asili. Waholanzi walikaa humo wakaondoka mwaka 1710. Wafaransa wakakitwaa mwaka 1715, wakakiita Île de France, na tangu mwaka 1735 gavana wao La Bourdonnais akaijenga bandari ya Port Louis. Watu wa kujenga na kulima walitoka wapi? Jibu lake latuhusu sisi wa pwani hii. Walitolewa Bukini, na Msumbiji, na huku kwetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, kwamba apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mtu kwa piastre 20. Kwa hiyo tunaposimulia habari za makutano ya watu katika uwanja huu, msidhani kwamba wote ni wageni wetu. Wamo wajukuu wa watu waliopakiwa majahazini kutoka pwani hii.

Mwezi wa Desemba mwaka 1810 Waingereza walikiteka kisiwa. Katika masharti ya kusalimu amri, Wafaransa waliachiwa sheria zao, dini yao, desturi zao na mali zao; na katika mali hiyo walihesabiwa watumwa, ambao wakati ule walikuwa kama watu wanne katika kila watano waliokaa kisiwani. Ikawa kuna mabwana wa zamani na mabwana wapya, na hawakupendana. Waliketi katika mji mmoja, wakapita njia moja, lakini kila upande ulikula na kucheza peke yake.

Ndipo alipotokea Mwingereza, Kanali Edward Draper, ambaye alipatana vema na Wafaransa wa kisiwa. Mwaka 1812 alikiunda chama cha mbio za farasi, Mauritius Turf Club, na tarehe 25 Juni mwaka huohuo mashindano ya kwanza yakakimbizwa. Nia yake haikufichwa, nayo ilikuwa kuwakutanisha Wafaransa na Waingereza mahali pamoja, wacheke pamoja, wabishane juu ya farasi badala ya kubishana juu ya bendera. Chama hicho ndicho kikongwe kuliko vyote vya mbio za farasi katika nusu ya kusini ya dunia. Tukisema kweli, upatanisho ule ulikuwa wa mabwana na mabwana. Aliyemshika farasi hatamu, aliyemsugua jasho, aliyebeba maji, hakuwamo katika hesabu ya waliopatanishwa.

Mahali palipochaguliwa palikuwapo tangu zamani. Wafaransa walikuwa wakipatumia kwa gwaride na sherehe, wakapaita Champ de Mars, yaani uwanja wa Mars, mungu wa vita wa Warumi wa kale, kwa mfano wa uwanja wenye jina hilo mjini Paris. Ukitoka bandarini ukaipa bahari mgongo, ukapita nyumba ya serikali na jumba la michezo ya kuigiza, njia inapanda polepole mpaka nyumba zinaachana na uwanja unafunuka mbele yako. Nyuma yake iko milima, mirefu na yenye ncha, nayo imeukumbatia mji upande wa bara. Juu ya kilima kilicho karibu iko ngome ya Waingereza, Fort Adelaide, iliyojengwa kati ya mwaka 1834 na 1840, miaka ile ile ya kukomesha utumwa, wakati serikali ilipohofu kwamba wenye watumwa wataasi. Kwa hiyo aliyekaa uwanjani na kuinua macho aliiona mizinga ya serikali, na aliyekaa ngomeni aliona kila mtu aliyesimama uwanjani.

Sasa tuutazame uwanja wenyewe, kwa maana umbo lake ndilo lililofanya mengi. Njia ya farasi ni ya nyasi, nayo mzunguko wake mzima ni mita 1,298 tu. Wapenzi wa mbio wataona mara moja jinsi ulivyo mfupi. Uwanja wa Flemington mjini Melbourne, kwa mfano, una mzunguko wa mita 2,312. Upana wa njia hii ni mita 12 hadi 14, na sehemu iliyonyooka ya mwisho, kutoka kona ya mwisho hata mstari wa kumalizia, ni mita 225 hivi. Kombe kubwa kuliko yote, liitwalo Maiden Cup, hukimbiwa kwa mita 2,400. Basi farasi wake hukaribia kuuzunguka uwanja mara mbili kabla ya kupata mshindi.

Uwanja mfupi na mwembamba hudai akili. Katika uwanja mpana wenye unyoofu mrefu, mpanda farasi aweza kukaa nyuma, akahifadhi nguvu za mnyama wake, akazitoa mwishoni na kuwapita wote. Hapa akifanya hivyo atafika kona ya mwisho na kukuta njia imezibwa na matako ya farasi sita, na mita 225 hazitoshi kurekebisha mambo. Tena kona ni kali na zinafuatana upesi. Farasi akikimbia mita 3 nje ya mstari wa ndani katika mzunguko mmoja mzima, amekwenda karibu mita 19 zaidi ya yule aliye ndani. Mwenye kalamu na apige hesabu. Ndiyo maana nafasi ya kuanzia, ambayo hupatikana kwa kura, husemwa sana katika vibanda vya Port Louis siku mbili kabla ya mashindano. Na kama ilivyo kwingineko, katika mbio nyingi farasi aliyeshinda mara nyingi huongezewa uzito, vipande vya risasi vikitiwa chini ya tandiko, ili farasi dhaifu naye apate tumaini. Mzee mmoja wa chama chetu, tulipomweleza jambo hilo, alisema kwamba laiti kodi ingalitozwa hivyo.

Jambo la pili katika umbo la uwanja ndilo kubwa. Katika viwanja vingi vya mbio, katikati ya njia hapana mtu. Majukwaa huwekwa upande mmoja, na watazamaji hupangwa kwa bei ya tikiti. Champ de Mars nayo ina majukwaa yake na vyumba vya wanachama, na siku nyingi zilipita kabla watu wa kila rangi hawajaketi huko. Lakini katikati palibaki wazi. Uwanja uko ndani ya mji, watu wameuzoea kuupita na kuukalia, na eneo la katikati likawa la umma, bila kiingilio. Siku ya mashindano maelfu husimama hapo, wanunue vyakula vya kukaangwa, watandike mikeka, wawabebe watoto mabegani. Na kwa kuwa mzunguko ni mfupi, mtu aliyesimama katikati huona mbio zote tangu mwanzo hata mwisho, akigeuka mwili mzima kuwafuata farasi, jambo ambalo aliyelipia kiti cha mbele jukwaani halipati sawasawa. Twapenda jambo hili, kwamba asiyelipa ndiye anayeona zaidi.

Ni akina nani waliokuja kusimama katikati? Kwanza ni wazao wa watumwa. Utumwa ulikomeshwa Morisi tarehe 1 Februari 1835, lakini waliokombolewa walilazimishwa kuendelea na kazi kwa mabwana wao kama wanagenzi hadi mwaka 1839. Wenye watumwa ndio waliolipwa fidia, kama paundi milioni 2. Waliotumikishwa hawakulipwa kitu. Kisha wakaja Wahindi wa mikataba, ambao kundi la kwanza liliteremka Port Louis tarehe 2 Novemba 1834, na kwa muda wa miaka chini ya mia wakafika karibu nusu milioni, wakikatia miwa mashamba yaleyale. Wakaja Wachina wenye maduka. Siku ya Maiden ikawa kama sikukuu ya kisiwa kizima, na tangu reli ilipofunguliwa mwaka 1864 watu wa mashamba waliweza kushuka mjini kwa gari la moshi. Walikuwa wametenganishwa na dini, lugha, kambi na mshahara. Hapo walisimama bega kwa bega, kwa sababu nafasi ilikuwa moja tu.

Wakisimama hapo, mbele yao walikuwa na mawe mawili ya kuyatafakari. Jiwe la kwanza ni kaburi la Malartic, gavana Mfaransa aliyefariki mwaka 1800, lenye mnara wa mawe karibu na njia ya farasi. Wafaransa walimpenda mno. Sababu mojawapo ni hii: serikali ya mapinduzi ya Ufaransa ilitangaza mwaka 1794 kwamba utumwa umekwisha katika makoloni yake, mwaka 1796 wajumbe wawili, Baco na Burnel, walifika kisiwani kulitekeleza tangazo hilo, na chini ya utawala wa Malartic wakafukuzwa wakarudishwa merikebuni. Utumwa ukadumu kwa miaka karibu 40 mingine. Jiwe la pili ni sanamu ya Mfalme Edward wa Saba, iliyochongwa na Prosper d'Épinay, fundi mashuhuri aliyezaliwa kisiwani. Na baba yake, Adrien d'Épinay, ndiye mwanasheria aliyekwenda London kuwatetea wenye watumwa katika shauri la fidia. Hivyo mjukuu wa mtumwa, akigeuka kumfuata farasi aliyemwekea dau, macho yake yalipita juu ya kaburi la aliyemchelewesha babu yake uhuru na juu ya kazi ya mikono ya mwana wa aliyemtafutia bwana fidia. Hatujui mahali pengine panapobeba historia nyingi hivyo katika mzunguko wa mita 1,298.

Mnaweza kusema kwamba kusimama na kutazama farasi hakumwondolei mtu unyonge. Ni kweli. Lakini watu wakizoea kukutana mahali, siku moja hukutana hapo kwa jambo lao wenyewe. Tarehe 23 Februari 1936 tabibu aitwaye Maurice Curé aliitisha mkutano wa hadhara palepale Champ de Mars, na katika mkutano huo Chama cha Wafanyakazi cha Morisi, Labour Party, kikazaliwa. Hakikuzaliwa katika jumba, kwa kuwa hapakuwa na jumba la kuwatosha wale watu, wala hawakuwa na fedha za kulikodi. Mwaka uliofuata wakulima na vibarua wa miwa waligoma, na mwezi wa Agosti 1937 risasi zikapigwa huko Union-Flacq, watu wanne wakafa. Tarehe 1 Mei 1938 wafanyakazi kwa maelfu walikusanyika tena Champ de Mars, kuadhimisha siku yao ambayo serikali ilikuwa haijaitambua. Ikachukua miaka mingine kumi na miwili, hata mwaka 1950, ndipo siku hiyo ikafanywa sikukuu rasmi. Katika mgomo wa bandarini wa mwaka 1938 Curé aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na mwenziwe Emmanuel Anquetil akapelekwa kisiwa cha Rodrigues. Viongozi wakaondolewa, uwanja ukabaki mahali pake.

Kisha ikafika siku ya bendera. Uhuru wa Morisi haukuja kwa watu wa moyo mmoja. Katika uchaguzi wa Agosti 1967 watu zaidi ya arobaini katika kila mia waliupigia kura upande uliokataa uhuru, na mwezi wa Januari 1968 mitaa ya Port Louis ikapigana, Wakreoli na Waislamu, watu zaidi ya 20 wakauawa na majumba mengi yakahamwa. Hali ya hatari ikatangazwa, askari wa Kiingereza wakaletwa, na binti wa ukoo wa kifalme aliyetazamiwa kuja kwa niaba ya Malkia akaahirisha safari. Kwa watu waliokuwa katika hali hiyo, palitafutwa mahali ambapo wote wangeweza kwenda bila ya kuhisi kwamba wanaingia katika mtaa wa wengine. Adhuhuri ya tarehe 12 Machi 1968, mbele ya Sir Seewoosagur Ramgoolam, waziri mkuu wa kwanza, bendera ya Kiingereza ilishushwa katika Champ de Mars na bendera ya rangi nne ikapandishwa, nyekundu, buluu, manjano na kijani. Hatusemi kwamba uwanja uliponya majeraha ya Januari. Twasema kwamba mahali pa kupandishia bendera palikuwapo, napo hapakuwa pa kabila moja.

Yapasa sasa tuseme juu ya kamari, maana wazee wametuuliza, na hatutaki ionekane kwamba twawapamba farasi ili kuficha madau. Kamari imekuwa pamoja na uwanja ule siku zote. Mshahara wa wiki ya kukata miwa umepotea hapo kwa dakika mbili, mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu, na wanawake ndio walioulipa upotevu huo jikoni. Mwaka 2015 tume ya uchunguzi, chini ya uenyekiti wa Richard Parry, ilitoa taarifa juu ya mchezo huo kisiwani, na taarifa hiyo haikuwa ya kufurahisha wenye mchezo. Vijana wetu wa hapa, ambao leo huweka dau kwa simu wakiwa kitandani, hawahitaji uwanja wala farasi ili wafilisike. Tungependa Halmashauri iliweke jambo hilo katika ajenda ya mwaka ujao, likiwa shauri la peke yake.

Kwa muda wa miaka 210 chama cha Draper ndicho kilichoyaendesha mashindano ya Champ de Mars. Mwaka 2022 serikali iliruhusu mtayarishaji wa pili, na mabishano juu ya nani awe na haki ya uwanja, kwa mkataba gani, na kwa malipo gani, yakajaza magazeti ya kisiwa. Wanachama wenye kuijua sheria ya ardhi watayaona maswali hayo kuwa si mageni. Tunalolitia mkazo ni dogo. Katika mabishano yote hayo, waliopigania majukwaa, vyumba na hesabu za madau walikuwa na mawakili. Waliozoea kusimama katikati, na wale wanaopita hapo kwa mazoezi ya miguu siku zisizo za mbio, hawakuwa na wakili, kwa kuwa hakuna hati inayowataja.

Bwana Mwenyekiti, tumechora ramani ya uwanja ule kwa vipimo, na kando yake tumechora kiwanja chetu kwa kipimo hichohicho, ili ukubwa wa vyote viwili uonekane. Karatasi zimetundikwa ukutani karibu na mlango wa jikoni. Mwenye kutaka kuzipima na aende na rula yake kabla ya chakula, maana shauri lenyewe litasomwa saa nane kamili.